Nimemnyoa Jogoo wa Shemeji, na Sasa Nachimba Shimo

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba uharakishe, maana ikifika Jumamosi jioni nitakuwa nimefukia watoto kumi na watatu wasio na hatia pamoja na baba yao.

Usishtuke, ni kuku. Lakini nyumbani kwangu jambo hili limeshakuwa zito kuliko la watu, na sina wa kumweleza, kwa sababu kila ninayemweleza anacheka kwanza.

Mimi ni kinyozi, nina duka dogo la viti viwili, na nyumbani mke wangu anafuga kuku wa kienyeji, nasema anafuga yeye kwa sababu kuku ni wake, banda alilijenga kwa akiba yake, na kazi yangu mimi ni kufungua mlango asubuhi na kushangaa. Kuku wenyewe ni wadogo, na kila mwaka wanazidi kuwa wadogo, sijui kwa nini, maana hatuwanyimi chakula, na mgeni akija tunamchinjia aliye mkubwa kuliko wote ili tusiaibike, na bado hao wanaobaki hawajitahidi kukua.

Mwaka jana shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ambaye ni dereva wa lori, alitushushia jogoo aliyemtoa huko milimani kwenye baridi. Jogoo kweli ni jogoo, mkubwa kama mtungi, manyoya mpaka kwenye vidole, shingo imefunikwa na kola ya dhahabu inayomwagika mpaka mgongoni, tukamwita Jenerali. Shemeji akasema huyu ndiye atakayebadilisha damu ya kuku wenu, ila kwa sharti, vifaranga wakikua atakuja kuchukua mitetea kumi na jogoo wawili, amgawie mama yao mzazi, yaani mama mkwe wangu, na madereva wenzake ambao ameshawatangazia uzao huo kama vile ameutaga yeye.

Lakini kwetu ni joto, mshauri, joto la bati, ikifika saa sita hata kivuli kinatafuta kivuli. Jenerali saa nne tu anaanza kutweta, mdomo wazi, mabawa ameyaachia pembeni kama mtu aliyebeba ndoo mbili, chakula hagusi, mitetea hawatazami, analala chini ya tangi la maji mpaka jua lipungue. Watoto wake wa kwanza wakawa vivyo hivyo, wamevaa vizuri lakini hawakui, na watatu walikufa mchana mmoja bila kuugua.

Wakati huohuo mteja wangu mmoja, mwashi, alipokuwa anahama alinipa jogoo asiye na manyoya shingoni, wale wanaoitwa kishingo, shingo nyekundu tupu, ila mbele ana kishungi kidogo cha manyoya kinachoning'inia kama tai ya suti. Mke wangu alipomwona alicheka mpaka akakaa chini, alipomaliza kucheka akafuta machozi akasema, "Huyu asiwasogelee mitetea wangu. Sitaki wajukuu wa namna hiyo." Fundi cherehani wa jirani akaniuliza kama wateja wamekwisha mpaka nimeanza kunyoa kuku. Tukamwita Kipara, akafungiwa kwenye kizimba nyuma ya nyumba, anenepe, aliwe.

Hapo ndipo nilipopotea. Kila nikirudi kula mchana namkuta Kipara anakula, anaparua, anawika kama ndiyo kwanza kumekucha, na Jenerali amejilaza kama mgonjwa anayengoja namba yake iitwe. Nikaanza kuwabadilisha. Mke wangu akitoka asubuhi kwenda sokoni, namtoa Kipara namwingiza kwa mitetea, Jenerali namweka kizimbani apumzike, na kabla mwenye kuku hajarudi kila mtu yuko kwake. Nilifanya hivyo wiki tano, mshauri, natoka na kuingia kwa kunyata kama mtu mwenye nyumba ndogo, na wala faida yenyewe haikuwa yangu.

Mayai yakaatamiwa, wakatoka vifaranga thelathini na mmoja, na kati yao kumi na watatu shingo tupu. Mke wangu alimshika mmoja kiganjani akaniletea mpaka usoni. Nikamwambia ni joto, mayai yamekaa kwenye joto manyoya yakashindwa kuota. Akaniuliza, "Kama ni joto, mbona wewe ndevu zinaota?"

Swali hilo akalirudia wiki baada ya wiki. Nikaona ili uongo usimame unahitaji shahidi, na pia, Mungu ananiona, nilimhurumia Jenerali. Jumanne ya wiki iliyopita saa saba mchana mke wangu akiwa kwenye kikao cha wazazi shuleni, nilimpakata Jenerali, nikamfunga kitambaa cha dukani, nikamnyoa shingo yote kwa mashine, mbele na nyuma. Alitulia kuliko wateja wengi. Jioni nikamwonyesha mke wangu nikasema unaona, hata Jenerali yamemdondoka, si nilikwambia ni joto.

Akaamini, lakini akaamini kitu kingine. Akasema hili si joto, haya ni maradhi, tena ya kuambukiza, yameanzia kwa Kipara, yakaingia kwa vifaranga, sasa yamempata Jenerali, na kesho ni banda zima. Akawatenga shingo tupu wote, Jenerali, kwa kuwa ni zawadi ya kaka yake, anapakwa mafuta asubuhi na jioni, na ameamua Kipara na hao kumi na watatu wachinjwe Jumamosi wafukiwe, wasiliwe hata na paka, ili kaka yake akija Jumapili asikute aibu na asimpelekee mama yao maradhi. Wale kumi na wanane wenye manyoya ndio shemeji atakaowachagua, kama damu halisi ya Jenerali. Amenipa jembe nichimbe. Shimo limeshanifika magotini.

Na hao kumi na watatu ndio wakubwa. Wana wiki kumi na mbili sasa, niliazima mizani ya ndoano kwa muuza mkaa nikawapima wanne, wote wamepita robo tatu ya kilo, na wenye manyoya wawili niliowapima hawakufika hata nusu kilo. Nikisema ukweli, nimemdanganya mke wangu kwa kuku wake mwenyewe na nimemvua nguo jogoo wa kaka yake, nikinyamaza, nazika kuku bora kuliko wote tuliowahi kufuga. Nifanyeje? Je, manyoya ya Jenerali yataota kabla ya Jumapili? Na nikiendelea kumnyoa, watoto wake watazaliwa na shingo tupu?

Ni mimi, kinyozi mwenye jembe.

*

Marahaba, mwanangu. Weka jembe chini, tuzungumze.

Nianze na maswali yako mawili ya mwisho kwa sababu ndiyo mepesi. Manyoya ya Jenerali hayataota kabla ya Jumapili, wala Jumapili itakayofuata. Unyoya ukinyonyolewa, mwingine huota baada ya wiki chache. Ukikatwa, shina lake hubaki ndani ya ngozi likikalia kiti, na mpya hauoti mpaka jogoo afike msimu wake wa kupukutisha manyoya yote ya zamani. Na kwa kuwa nakujua sasa, nakuonya mapema, usiende kuyanyonyoa hayo mashina. Mwache mnyama wa watu, mpe kivuli, maana ngozi ile haijawahi kuonana na jua.

La pili, hapana. Ukimnyoa baba, mtoto hazaliwi amenyolewa. Ingekuwa hivyo, watoto wa wateja wako wote wangezaliwa na panki.

Sasa tuje kwa Kipara, ambaye hana ugonjwa wowote. Kila kifaranga hupewa fungu moja na baba na fungu moja na mama, na fungu la shingo tupu lina nguvu, likiwepo hata moja tu shingo haivai. Ile tai uliyoiona mbele ya shingo yake si pambo, ni cheti chake cha kuzaliwa. Kuku wa kishingo mwenye tai amerithi shingo tupu kwa mzazi mmoja tu. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili hana tai, au ana vinyoya viwili vitatu vya kuhesabu. Kwa hiyo Kipara, akiwa na fungu moja la shingo tupu na moja la manyoya, akipandana na mitetea wenye manyoya, nusu ya watoto wake watatoka shingo tupu na nusu watatoka wamevaa.

Rudia sentensi hiyo, kisha ufanye hesabu uliyopaswa kuifanya kabla ya kushika mashine. Shingo tupu ni kumi na watatu, na wote ni wa Kipara bila ubishi. Kama hao ndio nusu, basi kuna wengine kama kumi na watatu wenye manyoya ambao pia ni wa Kipara. Katika thelathini na mmoja wanabaki watano. Hao watano, pengine wachache zaidi au pungufu, ndio jitihada yote ya Jenerali kwa wiki tano, na kwa hali uliyoieleza hapo chini ya tangi, amejitahidi sana.

Maana yake ni kwamba hao kumi na wanane ambao shemeji yako anakuja kuwachukua kama damu halisi ya Jenerali, wengi wao ni watoto wa Kipara waliovaa nguo za mama zao. Atawapeleka kwa mama mkwe. Atawagawia madereva. Watazaana huko, na baada ya mwaka mtu asiyekujua wala kukukosea atasimama bandani kwake akijiuliza ahadi ya shemeji imekwenda wapi. Wewe ulidhani unaficha jambo la nyumbani kwako, kumbe unalipakia kwenye lori.

Nisikie pia kuhusu kukua, maana hapo uliona vizuri ingawa ulipima vibaya. Kuku hatoki jasho. Joto lake hulitoa kwa kutweta, na kutweta ni kazi, inamla. Chakula nacho, kinaposagwa tumboni, humwongezea joto. Kwa hiyo kuku aliyevaa koti zito saa sita mchana ana chaguo moja la busara, naye hulichagua: haachi kutweta, anaacha kula. Asiyekula hakui. Kuku wa kishingo ana manyoya machache hata mwilini, si shingoni tu, hivyo joto linapata pa kutokea naye anaendelea kula wakati mwenzake anangoja jioni. Shingo tupu haimkuzi kuku. Inamwachia nafasi ya kula, na chakula ndicho kinachomkuza. Kipara huyohuyo mpeleke milimani kwenye baridi, utamkuta amejikunja pembeni ya banda, na Jenerali ndiye anayetembea kifua mbele. Shemeji yako hakukosea jogoo, alikosea anwani.

Lakini usijisifu kwa mizani ya muuza mkaa. Ulipima wanne, na nina hakika uliwachagua wanne uliowapenda. Ukawalinganisha na wawili, hujaniambia kama ni majogoo au mitetea, ilhali jogoo mchanga humpita dada yake hata kama wote wamevaa. Hivyo sivyo watu wanavyopima, hivyo ndivyo wanavyobishana.

Nakuja kwenye kosa ambalo umelitaja kwa kupita, kama mtu anayetaja hali ya hewa, nalo ni kubwa kuliko la kunyoa. Umesema kuku wenu wanazidi kuwa wadogo kila mwaka, na hapohapo umesema kila mgeni akija mnamchinja aliye mkubwa kuliko wote. Mwanangu, soma mistari hiyo miwili polepole. Mnawala wanafunzi wa kwanza, kisha mnawakabidhi shule wale wa mwisho, halafu mnashangaa matokeo. Kuku anayekua haraka ndiye mnayemtoa kabla hajaacha mtoto, na aliyedumaa ndiye anayebaki kuwa baba wa wote kwa sababu hakuna aliyemwona anafaa kuwa mboga. Mngeleta majogoo kumi kutoka milimani, mkiendelea hivyo mtawafikisha palepale. Mgeni mchinjieni wa nne au wa tano kwa ukubwa. Akishawekwa kwenye sahani hakuna atakayeuliza cheo chake.

Sasa mkeo. Umemwandika kama mtu mkali anayetaka kuua kuku wasio na hatia. Mimi naona ndiye mtu pekee aliyetumia akili katika barua yako yote. Aliona jogoo mmoja shingo tupu, akaona vifaranga kumi na watatu, kisha akaona jogoo mzima aliyekuwa na manyoya jana, leo hana. Angefikiria nini? Joto halimchagui mmoja likamwacha jirani yake. Maradhi ndiyo yanayotembea namna hiyo, na mfugaji makini akiona maradhi hutenga, huchinja, hufukia. Alifanya sawasawa kila hatua isipokuwa ile uliyompa wewe. Ukimpa mtu mwenye akili ushahidi wa uongo, atafika nao mbali kuliko mjinga. Na aliyemfanya achimbishe shimo ni wewe mwenyewe, mashine mkononi.

Kwa hiyo utafanya hivi. Utakwenda kwake ukamwambie maneno mawili, na usiyapambe. Kwamba Kipara ulimwingiza wewe kwa wiki tano, na Jenerali ulimnyoa wewe, wala hakuna maradhi. Kisha unyamaze. Usianze na uzito wa kuku, usianze na jinsi ulivyomhurumia Jenerali, wala usimweleze ulichosoma kwangu kuhusu mafungu mpaka akuulize. Atakasirika, tena si kwa sababu ya jogoo. Atakasirika kwa kuwa asubuhi na jioni amekuwa akipaka mafuta shingo uliyoinyoa, na wewe ukimtazama. Mpe nafasi ya hasira hiyo, ni haki yake. Kuku pia ni wake, na hapa ndipo utakapoumia: ukishasema kweli, wa kuamua kama Kipara na watoto wake wanaishi ni yeye. Ukweli hauji na risiti ya kudai malipo. Akisema wachinjwe, watachinjwa, ila angalau waliwe, maana kufukia kuku mzima wa afya ni dhambi ya peke yake.

Akikubali wabaki, mwombe akusimamie mpime wote thelathini na mmoja asubuhi moja kabla hawajala. Yeye aandike, wewe ushike kuku, kwa sababu mkono wako umeshathibitika kuwa na upendeleo. Kila mmoja afungwe uzi wa rangi mguuni, mlegeze kadiri anavyokua, majogoo walinganishwe na majogoo, mitetea na mitetea. Mrudie hivyo kila baada ya wiki mbili. Wakifika miezi mitano, mitetea sita wazito wenye shingo tupu ndio watakaokuwa mama za kundi jipya, nao mtawapa Jenerali. Naam, Jenerali. Ukubwa anao, kilichomkwamisha ni koti, na koti hilo nusu ya watoto watakaozaliwa hapo hawatalivaa. Mumwekee kivuli cha kweli na maji ya mtungini, chakula kitolewe alfajiri na jua likishapungua, naye atafanya kazi. Kipara usimrudishe kwa binti zake mwenyewe hata mara moja, mtafutieni mitetea wageni. Na mkibadilisha jogoo, subirini wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kuatamiwa, kwa sababu mtetea hutunza mbegu ya jogoo aliyeondoka, na yai la leo linaweza kuwa la mume wa juzi.

Shemeji aambiwe kabla hajashusha tenga, na aambiwe na wewe. Atacheka au atafoka, pengine yote mawili. Akitaka kuku, awachukue akijua anachochukua. Akitaka damu ya Jenerali peke yake, Jenerali aachwe kwanza na mitetea wa zamani, naye arudi baada ya miezi sita.

Jambo la mwisho. Gazeti hili hutoka Alhamisi asubuhi. Jina lako tumelificha, lakini sidhani kama mtaa wenu una vinyozi wawili walionyoa jogoo, na hakuna baraza linalosoma magazeti kwa sauti kama benchi la kinyozi. Mkeo atazisikia habari hizi kabla ya adhuhuri, kwako au kwa fundi cherehani. Basi, kama unasoma haya dukani, zima mashine sasa hivi, umwombe radhi mteja aliye kitini, hata kama umemfikisha nusu ya kichwa, uende nyumbani. Yeye atakungoja, kwa kichwa hicho hana pa kwenda. Mkeo ndiye usimngojeshe.